Charlemagne hakufanywa mfalme na Papa, naomba mrekebishe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua kila Jumapili nikitoka misa ya kwanza, mwaka wa 17 sasa, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mmewahi kukosea majina ya maaskofu nikanyamaza. Lakini ile makala ya Kanisa na Wafranki, wale watu waliotawala sehemu kubwa ya Ufaransa na Ujerumani ya leo, imenishinda, naamini unaikumbuka, ile ya ukurasa mzima iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba Papa Leo wa Tatu alimfanya Charlemagne kuwa mfalme wao siku ya Noeli mwaka 800. Jamani hapana. Charlemagne alikuwa mfalme tangu mwaka 768 alipofariki baba yake Pepin, akaanza kwa kugawana nchi na mdogo wake Carloman, mdogo mtu akafa 771 yeye akabaki peke yake, 774 akawapiga Walombardi kule Italia akachukua na ufalme wao. Kwahiyo ile siku anaingia kanisa la Mtakatifu Petro pale Roma alikuwa na miaka 32 kwenye kiti! Alichovikwa siku ile ni taji la kaisari, yaani cheo cha watawala wa dola la Roma, na mfalme na kaisari ni vyeo viwili tofauti kabisa.

Utasema huyu mzee anagombana na tarehe tu. Ngoja nikueleze yaliyonikuta. Parokiani kwetu siku ya somo wa parokia huwa tunakuwa na chemsha bongo, jumuiya kwa jumuiya, na mwaka huu zawadi ilikuwa mbuzi na kreti mbili za soda. Jumuiya yetu ikafika fainali. Mimi nilisoma seminari kuu miaka mitatu kabla sijatoka kuja kufungua duka la pembejeo, na Historia ya Kanisa ndo somo nililolipenda kuliko yote, madaftari yangu ninayo mpaka leo. Swali la mwisho likaja, nani alimfanya Charlemagne mfalme na mwaka gani. Nikasimama nikajibu taratibu, ufalme aliupata kwa kurithi mwaka 768, mwaka 800 Papa alimvika taji la kaisari. Msoma maswali akasema si sahihi. Nikauliza kwa nini, akainua karatasi mkononi, kumbe ni ukurasa wa gazeti lenu umekatwa vizuri na mkasi! Watu wakacheka, mtoto wangu mwenyewe akaniambia baba kaa chini imeandikwa gazetini. Mbuzi akaenda jumuiya nyingine, huyo wala simdai, ila kuambiwa mbele ya watu wote kwamba sijui kitu nilichokisoma kwa mapenzi yangu yote, hilo limeniuma sana na ndo limenifanya nishike kalamu.

Na kosa lenyewe halikuishia kwenye tarehe. Mwandishi wenu ameifanya stori nzima iwe ya upande mmoja, yaani Papa anatoa, mfalme anapokea mikono miwili. Wakati mambo yalianza kabla ya Charlemagne, kwa baba yake. Wafalme wa zamani wa Wafranki, ule ukoo wa Clovis aliyebatizwa na askofu Remigius pale Reims, walikuwa na nywele ndefu kama alama ya damu ya kifalme, lakini mwishoni walibaki na nywele tu na nguvu yote ikawa kwa msimamizi mkuu wa ikulu. Pepin ndo alikuwa msimamizi huyo. Akatuma watu wawili Roma, askofu Burchard wa Würzburg na abate Fulrad wa Saint-Denis, wamuulize Papa Zakaria ni vizuri mtu aitwe mfalme na hana mamlaka? Papa akajibu ni afadhali aitwe mfalme yule mwenye mamlaka. Mwaka 751 Pepin akawa mfalme, akapakwa mafuta na maaskofu, na yule mfalme wa mwisho Childeric akanyolewa nywele akapelekwa monasterini. Yaani Pepin hakuwa na damu ya kifalme, alihitaji kitu kingine kitakatifu cha kuweka mahali pa zile nywele, na mafuta ya Kanisa ndo yakawa hicho kitu.

Sasa na Papa naye alikuwa na shida zake. Walombardi walishauchukua mji wa Ravenna mwaka huohuo 751 na Roma ilikuwa inafuata, kaisari wa Konstantinopoli aliyetakiwa kuilinda hatumi jeshi, ndo Papa Stefano wa Pili akavuka milima ya Alps wakati wa baridi kumfuata Pepin mwenyewe, hakuna Papa aliyewahi kuivuka kabla yake. Mwaka 754 pale Saint-Denis akampaka Pepin mafuta mara ya pili pamoja na wanae wawili, na Pepin akashuka Italia na jeshi, na mwaka 756 Ravenna na miji mingine ikawekwa mikononi mwa Papa. Dola la Papa lililodumu mpaka 1870 lilisimama juu ya hapo. Nani alimfanya nani? Hili ndo swali ambalo makala ilitakiwa iulize.

Hata huo mwaka 800 wenyewe. Leo wa Tatu alivamiwa kwenye maandamano ya ibada Aprili 799 mjini kwake Roma, waliomvamia walitaka kumtoa macho na kumkata ulimi, akakimbilia kwa Charlemagne mpaka Paderborn, Ujerumani ya leo. Mfalme ndo aliyemrudisha, na tarehe 23 Desemba 800 Papa akaapa mbele ya watu kwamba hana hatia ya mashtaka yaliyoletwa dhidi yake. Siku mbili baadae akamvika taji mtu aliyemuokoa. Alafu 813 Charlemagne alipotaka mwanae Louis awe kaisari alifanyia sherehe kwake Aachen, Papa hakuwepo. Haya yote hayakuonekana kwenye ukurasa mzima.

Lakini kilichonikosesha usingizi kuliko yote ni ile sentensi yenu kuhusu Wasaksoni, wapagani wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo, eti chini ya Charlemagne Wasaksoni nao waliupokea Ukristo. Waliupokea! Vita ilianza 772 ikaisha 804, miaka 32 ya kuchoma na kuhamisha watu. Mwaka 782 pale Verden kumbukumbu za ufalme wenyewe zinasema watu 4,500 walikatwa vichwa siku moja, na hizo ni za upande wake, hazijaandikwa na maadui. Alafu ikatoka sheria, Msaksoni akijificha kukwepa ubatizo, kifo. Akila nyama Kwaresima kwa kuudharau Ukristo, kifo, ila padre aangalie kama alikula kwa shida. Na juu yake zaka. Mimi ni Mkatoliki na nitakufa Mkatoliki ndio maana hili naliona baya mara mbili, na sio mimi wa kwanza, Alcuin, msomi aliyetoka York na kuishi ikulu kwa mfalme huyohuyo, aliandika mwaka 796 kwamba zaka zimeiangusha imani ya Wasaksoni, na kwamba imani ni jambo la hiari, halilazimishwi. Mtu wa karne ya nane aliliona akathubutu kulisema, na sisi tuna kila kitabu tunashindwa kuweka hata mistari miwili kwa ajili ya wale 4,500?

Na picha, maana hii nayo ni tabia yenu. Mmeweka mzee mwenye ndevu nyeupe na taji kubwa la vito mkaandika chini Charlemagne, Mfalme wa Ufaransa. Ile ni picha aliyoichora Mjerumani Albrecht Dürer kwenye miaka ya 1510, miaka 700 baada ya mwenyewe kufa, na taji lile lilitengenezwa muda mrefu baada ya kifo chake. Ufaransa nayo ilikuwa bado haijakuwepo, kaburi lake liko Aachen, Ujerumani ya leo. Mnafanya hivi kwa kila mtu wa zamani, mnachukua mchoro wa baadae mnauweka kama passport yake.

Ninachoomba ni hiki. Rekebisheni kwenye ukurasa uleule, herufi ukubwa uleule, na miaka 751, 754, 768, 782 na 800 iandikwe kwa mfuatano, kila mwaka na kilichotokea. Picha wekeni ile sarafu yake ya fedha ya miaka ya mwisho, ana sharubu na shada la majani kichwani, jina limeandikwa KAROLVS, ilitengenezwa akiwa hai. Na itoke kabla ya Noeli maana chemsha bongo ya vijana ni tarehe 27 na maswali yanaandaliwa na mtu yuleyule mwenye mkasi.

Msomaji wenu,
Songea