Dada, mwambie kaka wazo sio skripti

Dada shikamoo,

Meseji zako nimezipata zote, hata ile ya sauti ambayo nusu yake unawagombeza watoto nimeisikiliza mpaka mwisho. La mama nimelielewa, ntatuma mwisho wa mwezi kama kawaida, usimtie wasiwasi. Ila hili la kaka ndo limenikalisha chini niandike kirefu, maana kwenye simu tungeishia kupandishiana sauti tu.

Yaani kaka anatangaza kwenye grupu la familia kwamba tamthilia ninayoandika ni yake, ati kwa sababu yeye ndo alinisimulia kisa cha baba mdogo na shamba, kwa hiyo anataka jina lake liwepo na mgao wake wa pesa ya filamu. Pesa ipi? Filamu yenyewe iko wapi? Kuna pailoti, episodi ya kwanza, ipo kwenye kompyuta yangu na hakuna aliyeinunua. Huku Marekani hiyo unaiandika kwanza ili watu wajue unaweza, kisha ndo unaanza kubisha hodi kwenye milango.

Halafu kisa chenyewe sasa. Ndugu wawili wanagombania mali, huo ni ukoo gani usio nao? Wazo halina mwenyewe dada, hakimiliki inalinda kile ulichokiandika na namna ulivyokiandika, wazo likiwa bado linaelea hewani mtu yeyote anaokota. Na kwa taarifa yake shamba halimo tena! Lilipotea huko kwenye kuandika upya, sasa ni duka la kushonea nguo na wanaogombana ni wanawake. Kaka angeisoma leo asingejua ni yake, ila kusoma ndo hataki, anataka jina.

Angejua kilichonitoa jasho. Episodi ya saa moja inataka kama kurasa 50 hadi 60, hesabu yao ni ukurasa mmoja dakika moja kwenye skrini, ndo maana wanang'ang'ania fonti ya Courier saizi 12, ukichezea fonti umeshavuruga saa. Kama ni ya televisheni yenye matangazo unaikata vipande vinne au vitano na kila kipande kiishie pale ambapo mtu hata akienda chooni atarudi mbio. Na stori haiwi moja, ipo kubwa ya duka, ipo ndogo ya yule binti anayetaka kuondoka inayotembea pembeni, na hizo mbili lazima zigongane bila mtazamaji kuona mkono wako. Ukuta wangu mzima ni kadi, kila kadi sini moja, yaani tukio moja la stori, nazihamisha usiku nikitoka kazini (kazi ipo, tusiiongelee), ukitoa sini moja zingine tano zinadondoka. Kaka alihamisha kadi gani?

Ngoja nikwambie sini ninayojivunia. Wanawake wawili wanakunja mashati ya marehemu. Miaka hawajasemeshana vizuri kwa ajili ya lile duka. Wenzangu darasani, huku ninakosomea kuandika skripti, wangewapa kelele pale, "wewe ulimdhulumu mume wangu", machozi, mlango unabamizwa. Mimi nimekulia nyumba ile dada. Mmoja anasema, "Shati halikunjwi hivyo." Mwenzake anajibu, "Yeye alilipenda hivi." Basi. Wanaendelea kubishana kola na mikono ya shati kurasa mbili nzima, duka halitajwi hata mara moja, na kila anayesoma anajua wanagombania nini. Hicho kilicho chini ya maneno ndo kitu kigumu kuliko vyote huku, watu wanakitafuta muhula mzima, mimi nilikuwa nakiangalia bure sebuleni. Na wewe unajua nimekitoa kwa nani na nani, na siku ipi, usiniulize. Kaka siku hiyo hata hakuwepo!

Mwalimu akaichagua isomwe mezani na waigizaji wa kweli. Kwa darasa zima alichagua chache sana, ya kwangu ikawemo, mimi ambaye Kiingereza nilikikuta shule. Walicheka nilipotaka wacheke, na kwenye mashati chumba kikanyamaza, akaniambia tu hiyo sini usiiguse tena, na yule mwalimu sifa hatoi ovyo. Ila dada, kumsikia yule mwigizaji, mama wa watu, hajawahi hata kumuona mama yetu, anatoa maneno ya mama kwa sauti ileile ya kujikaza, nilitoka nikasimama koridoni kidogo. Usimwambie mama.

Turudi kwa kaka. Huku Marekani jina kwenye skrini sio zawadi, na waandishi wakigombania jina, chama chao WGA ndo kinaamua, sio studio. Aliyetoa stori na aliyeandika skripti wanaandikwa tofauti, na hata huyo wa stori anatakiwa awe ameiandika, sio ameipiga mdomo. Tena majina mawili yakiunganishwa kwa alama ya & maana yake waliandika pamoja kama timu, yakiunganishwa kwa neno "and" maana yake kila mmoja aliandika kivyake. Na malipo ya marudio, yaani pesa unayolipwa kazi yako ikionyeshwa tena, yanafuata jina, ndo maana watu wanagombana mpaka basi. Mwaka 2023 waandishi hao waligoma siku 148, kuanzia Mei 2 mpaka Septemba 27, na kati ya walivyovipata ni malipo bora ya marudio ya mitandaoni na kwamba akili bandia isihesabiwe mwandishi. Sasa kama mashine inayotema kurasa kweli inanyimwa jina, kaka aliyepiga stori akiwa amelala kwenye kochi apewe kwa lipi?

Mwambie afute ile posti kabla baba mdogo hajaiona, maana akiiona atajua tunamuongelea, na mimi nilihangaika kumbadilisha mpaka jinsia ili asijue.

Na kama jina analitaka kweli mlango upo. Episodi ya pili kuna sini sijaipatia, ile ya barua ya mahakama kufika nyumbani, na yeye siku ile ndo aliyeipokea mlangoni. Aandike kurasa tatu, asieleze mtu anafikiria nini, aandike tu kinachoonekana na kinachosikika, aanze barua ikiwa tayari mkononi. Anitumie kwa imeili, sio voisi. Zikiwa mbovu ntamrudishia na alama nyekundu kama ninavyorudishiwa mimi, zikiwa nzuri tutaongea habari ya ile alama ya &.

Wewe nirekodie shangazi akiwa kakasirika, ila asijue.

Mdogo wako