Mlezi wa upasuaji wa plastiki apimwe siku ya tano

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuongezee machache kwenye makala ya ukurasa wa vijana na ajira kuhusu udaktari wa upasuaji wa plastiki. Makala ilieleza vizuri mvuto wa fani hii, ila ilijaa pua, matiti na wateja wa urembo, na mwisho ikawashauri madaktari vijana watafute mlezi, yaani bingwa wa kuwafundisha kazi, "mwenye jina". Upande wa urembo upo na hauna aibu yoyote. Lakini sehemu kubwa ya kazi katika hospitali za umma, popote duniani, ni majeraha ya moto na makovu yanayokunja viungo, watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka (takriban mtoto 1 kati ya 700), mikono iliyokatwa na mashine, mifupa iliyovunjika ikabaki wazi bila nyama ya kuifunika, na mashimo yanayoachwa saratani inapoondolewa. Anayeingia kwa ajili ya pua atakutana kwanza na vidonda, na kama hapendi vidonda ni heri ajue mapema.

Njia yenyewe ni ndefu. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5 au 6, kisha mafunzo kwa vitendo, kisha ubingwa ambao katika nchi nyingi ni miaka 5 au 6, ama moja kwa moja ama kwa kupitia upasuaji wa jumla. Anayetaka kubobea kwenye mkono, uso au mishipa midogo huongeza mwaka mmoja au miwili. Hayo ya miaka na vyeti hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu uko kwenye hilo "jina".

Tuchukue kazi ya kila siku: kupandikiza ngozi. Kisu cha Humby, kile kirefu cha kuchunia ngozi nyembamba, kina rola inayopanga unene wa ngozi itakayotoka, na ngozi nyembamba ya kufunika kidonda cha moto huwa kati ya milimita 0.2 na 0.4. Kabla ya kukata, kisu huinuliwa kwenye mwanga ili kuona kama nafasi kati ya wembe na rola iko sawa mwanzo hadi mwisho. Wazoefu hujaribu pia kwa ncha ya wembe mdogo wa upasuaji, namba 15, ambayo inatakiwa ipenye kwa shida. Paja hupakwa mafuta yaliyotakaswa, msaidizi hulivuta likawa bapa, na mkataji hupeleka kisu mbele na nyuma bila kukandamiza. Hapo kosa la wanafunzi karibu wote ni moja: wakiona ngozi haitoki huongeza nguvu, kumbe tatizo ni paja lililolegea. Jibu la kama umekata vizuri unalipata kwenye paja lenyewe. Vitone vidogo vingi vya damu ni salama. Vitone vichache na vikubwa, umeingia ndani. Mafuta ya manjano yakionekana umepitiliza, na jeraha hilo halitajifunga kwa siku 10 hadi 14 kama ilivyotarajiwa. Ngozi irudishwe pale pale ishonwe, uanze upya mahali pengine.

Walezi wengi wenye jina huvua glavu hapa, na kinachofuata huachiwa aliye mdogo kuliko wote chumbani. Lakini hatima ya kazi huamuliwa na kinachofuata. Ngozi iliyopandikizwa haina damu yake. Kwa saa 24 hadi 48 za kwanza inaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Siku ya pili au ya tatu mishipa midogo ya juu na ya chini huanza kukutana. Kati ya siku ya nne na ya saba damu inazunguka. Chochote kitakachokaa katikati, damu iliyovilia, majimaji au usaha, huiua. Kuteleza nako huiua, kwa sababu hukata mishipa ambayo ndiyo kwanza inaungana. Kwa hiyo damu izuiwe kwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) yenye adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, na kwa subira, ngozi itobolewe matundu madogo ili majimaji yapate pa kutokea, kingo zishonwe, juu yake ufungwe mzigo wa gozi unaoikandamiza sawasawa, na kama ni kwenye kiungo pafungwe gango linalovuka kiungo hicho juu na chini.

Siku ya tano bandeji hufunguliwa, na hilo ndilo darasa lenyewe. Gozi hulowanishwa kwa maji ya chumvi mpaka iachie, kisha huinuliwa polepole, mkono wa pili ukiishikilia ngozi isifuate. Ngozi ya waridi iliyong'ang'ania imeshika. Palipoinuka na kuwa peusi kwa chini, damu iliachwa tangu thieta, yaani chumba cha upasuaji. Palipochanika kwenye mkunjo wa kiwiko, gango lililegea. Ngozi yote ikiyeyuka na kuacha ute kwenye kidonda kilichokuwa chekundu na kizuri, mshukiwa wa kwanza ni bakteria wa streptokoki, na swabu, yaani sampuli ya kidonda, ilipaswa kuchukuliwa kabla ya upasuaji. Kila doa linasema nani alikosea na saa ngapi. Daktari kijana akifungua bandeji hiyo peke yake wodini, ataandika "imeshindikana" kwenye faili na asijue ni kwa nini, naye mlezi ataendelea kuamini kwamba kazi zake hazikosei. Mtu anayefika siku ya tano, hata kama hajulikani nje ya wodi yake, anafundisha kuliko bingwa wa mikutano.

Kuachia kisu nako kuna hatua zake. Mwanafunzi atazame, asaidie, afanye sehemu moja aliyopangiwa, kwa mfano kuzuia damu na kufunga tu, afanye yote mlezi akiwa amenawa na kusimama mbele yake, afanye yote mlezi akiwa ndani ya jengo. Kinachovuruga utaratibu huu ni haraka ya orodha ndefu: mwanafunzi husaidia kwa miaka mitatu, halafu usiku mmoja wa dharura hujikuta peke yake na kidole kinachoning'inia. Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kuingia thieta, kwa maneno, kwamba leo hatua fulani ni yako. Dakika moja inatosha.

Mazoezi ya nje ya thieta hayahitaji maabara ya fahari. Pembe za kurefusha kovu, yaani mikato ya umbo la Z ambayo ncha zake hubadilishana nafasi, huchorwa kwenye sponji: pembe ya digrii 60 pande zote mbili huongeza urefu kwa takriban asilimia 75 kwa hesabu ya kwenye karatasi, ile ya digrii 30 kwa asilimia 25 tu, na ukikata mwenyewe utaona kwa nini pembe nyembamba sana hufa nchani. Kwa mishipa midogo, anza na glavu iliyotanuliwa kwenye fremu ukiikata mwanya na kuushona kwa uzi wa 8-0 (namba ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi). Kisha hamia kwenye paja la kuku, lenye ateri ya milimita 1 hadi 2 ikiwa imelala pamoja na vena na neva, na utumie uzi wa 9-0 au 10-0. Safisha utando wa nje kwenye ncha zote mbili, maana utando huo ukiingia ndani ya mshipa damu huganda hapo. Sindano ipite umbali wa unene wa ukuta mara moja hadi mbili kutoka ukingoni. Mishono minane kwa kawaida inatosha. Ukimaliza usijisifu kwa uzuri wa nje: kata mshipa kwa urefu, ufungue, utazame kwa ndani. Mshono uliokamata ukuta wa nyuma utauona hapo, na ndiyo sababu kubwa ya mshipa kuziba kwa anayeanza. Jambo hili hata mlezi aliye mbali anaweza kulikagua kwa picha ya simu.

Tukija kwenye ubunifu, makala yenu iliuelezea kama roboti na mashine za kuchapa viungo. Zipo, na zina kazi yake. Ila ubunifu uliogusa mikono mingi katika miaka ya karibuni haukununuliwa popote. Kwa miongo mingi vitabu vilikataza kuchanganya adrenalini na dawa ya ganzi kwenye vidole, kwa hofu kwamba vitaoza. Waliorudi kusoma taarifa za zamani walikuta vidole vilivyooza vilihusishwa hasa na prokeini, dawa ya ganzi ya zamani ambayo ikikaa hugeuka tindikali kali, na taarifa nyingi ni za kabla dawa ya ganzi ya lidokeini haijaanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Daktari Donald Lalonde wa Kanada na wenzake wakaonyesha kwamba lidokeini asilimia 1 yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000 ni salama kwa vidole vyenye damu ya kutosha. Leo kano za mkono zinaunganishwa mgonjwa akiwa macho, bila mpira wa kubana mkono na bila nusu kaputi. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba mgonjwa huambiwa akunje kidole pale mezani: kano ikiachana au ikikwama, inashonwa upya kabla ngozi haijafungwa.

Hata hivyo jambo rahisi lina pa kukosea. Anayechanganya mwenyewe huweka mililita 0.1 ya adrenalini ya 1 kwa 1,000 kwenye mililita 10 za lidokeini. Akiweka mililita 1 ameongeza dozi mara kumi. Kiwango cha juu ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 asizidishe mililita 42 za dawa ya asilimia 1. Kuongeza mililita 1 ya bikaboneti ya asilimia 8.4 kwenye kila mililita 10 hupunguza mchomo. Halafu ni kusubiri karibu nusu saa. Wanaokata baada ya dakika saba hukuta damu imejaa kidonda, wakarudi kusema njia haifai. Kidole ambacho tayari damu yake ni haba kisifanyiwe hivi, na fentolamini, dawa ya kutengua nguvu ya adrenalini, iwe karibu.

Ubunifu wa namna hii hutoka kwa watu waliozoea kutazama matokeo. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Archibald McIndoe huko East Grinstead, Uingereza, aligundua kwamba marubani walioungua wakaangukia baharini walikuwa na vidonda bora kuliko walioangukia nchi kavu. Akaanzisha mabafu ya maji ya chumvi na kuipiga vita tindikali ya taniki iliyokausha vidonda vikawa magamba. McIndoe alikuwa amelelewa kikazi na binamu yake Harold Gillies, aliyeongoza kazi ya kutengeneza nyuso za askari huko Sidcup kuanzia 1917. Huko kila uso ulipigwa picha, na nyingine zilichorwa na Henry Tonks, daktari aliyekuwa pia mchoraji. McIndoe naye akamfundisha Michael Wood, na wawili hao pamoja na Thomas Rees wakaanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ambayo wasomaji wako wanaijua kama Amref. Na kwa kuwa tunaandika kwa mhariri, tukumbushe kwamba njia ya Kihindi ya kutengeneza pua kwa ngozi ya paji la uso ilifika kwa madaktari wa London kupitia barua iliyochapwa katika jarida la Gentleman's Magazine mwaka 1794. Daktari Joseph Carpue aliifanya kwa mgonjwa mwaka 1814.

Kinachotenganisha ubunifu na kubahatisha ni kumbukumbu. Chukua bandeji za kufyonza za kujitengenezea, za sponji iliyotakaswa, plastiki ya kubana hewa na bomba la kufyonza. Kipimo cha kufyonza kinachotumika zaidi ni milimita 125 za zebaki chini ya hewa ya kawaida. Mashine ya ukutani isiyo na kirekebishi hupita hapo kwa urahisi, na ikiwekwa juu ya mshipa mkubwa ulio wazi au kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, chupa inaweza kujaa damu. Anayetaka kuitumia aombe kibali cha kamati ya maadili, aandike kila mgonjwa pamoja na walioshindikana, na apige picha kwa umbali na mwanga uleule: kabla, mwisho wa upasuaji, mwezi wa sita na mwaka mmoja, kwa sababu kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Idhini ya mgonjwa ichukuliwe kwa maandishi, na picha zisikae kwenye simu ya mtu pamoja na picha za harusi.

Kwa hiyo kijana anayetafuta mlezi aulize mambo machache. Nani hufungua bandeji siku ya tano? Naweza kuona picha za kazi zilizoharibika, na maelezo ya kwa nini? Hatua ipi nitaanza kuifanya kwa mikono yangu, na mwezi gani? Nani hunipigia simu mgonjwa akirudi kliniki baada ya mwaka? Na wakuu wa idara, badala ya hafla za kukabidhi vyeti vya ulezi, watenge saa moja kila wiki ya kupitia picha za wiki hiyo, wote wakiwepo, wakiwemo wauguzi wanaofunga vidonda na wataalamu wa tiba ya viungo wanaotengeneza magango. Saa hiyo iwe asubuhi kabla orodha ya thieta haijaanza. Ikiwekwa jioni, dharura huila.

Wakufunzi wa upasuaji wa plastiki