Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Judo: Wapeni vijana pambano la pili

Mheshimiwa Rais,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni kocha wa vijana, na nakuandikia kuhusu mashindano ya dunia ya judo ya vijana wa chini ya miaka 21, yanayofanyika kila mwaka. Ombi langu ni moja: kijana akitolewa na mtu ambaye baadaye anafika nusu fainali, arudishwe mkekani, hata kama alitolewa raundi ya kwanza.

Niliwahi kukaa kwenye kiti cha kocha, pembeni ya mkeka, siku ambayo kijana wangu aliingia. Alijiandaa kwa miezi minane. Asubuhi ile alijifunga plasta kidole kimoja kimoja, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Alikuwa amepangwa na mmoja wa wale wanane wanaotenganishwa kwenye droo kwa sababu ya pointi zao za viwango vya dunia, ili wasikutane mapema. Wakagombea kola, kijana wangu akavutwa hatua moja mbele, nyonga ya mwenzake ikaingia chini yake, akapigwa mwereka akatua mgongo mzima. Ippon, yaani ushindi kamili unaomaliza pambano papo hapo. Hata sekunde 25 zilikuwa hazijafika, katika pambano la dakika 4. Nilipomkumbatia, judogi yake, vazi la judo, ilikuwa bado kavu. Saa zote zilizobaki alikaa jukwaani na beji shingoni, akitazama wenzake.

Mwamuzi simlaumu, wala aliyemtupa. Ippon ilikuwa halali, tena nzuri. Kinachoniuma ni kwamba yule aliyemtupa aliendelea hadi fainali, na kijana wangu hakupata hata pambano moja zaidi la kuonyesha alichokuja nacho.

Kwa mfumo wa sasa, wanaorudi kugombea shaba ni wale tu waliofungwa robo fainali. Chukua kundi la uzito lenye wachezaji 32: 16 wanatoka raundi ya kwanza, 8 raundi ya pili. Hao 24 wamemaliza. Zamani haikuwa hivi. Aliyefungwa na mtu aliyesonga mbele alibaki akipasha misuli, akimwombea heri mpinzani wake wa asubuhi, kwa sababu ushindi wa yule ulikuwa mlango wake wa kurudi.

Thamani ya mlango huo tuliiona Tokyo mwaka 2021, kwenye Olimpiki. Teddy Riner, bingwa wa uzito wa juu kutoka Ufaransa, alifungwa na Mrusi Tamerlan Bashaev, akarudi, akaondoka na shaba. Alirudi kwa sababu alifungwa robo fainali. Droo ingewakutanisha raundi moja mapema, mtu yule yule, kwa kosa lile lile, angefunga virago. Na Riner ametokea kwenye mashindano haya haya: alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 18, akawa bingwa wa dunia wa wakubwa Rio de Janeiro. Kama bingwa wa aina hiyo alihitaji nafasi ya pili, sembuse kijana wa miaka 17 anayekanyaga mkeka wa dunia kwa mara ya kwanza?

Wanaoumia zaidi ni wa mashirikisho yasiyo na fedha. Pointi hupatikana kwa kusafiri kwenda mashindanoni. Asiyesafiri hana pointi, asiye na pointi hatenganishwi na vigogo kwenye droo, basi anakutana nao mapema. Anayehitaji mapambano kuliko wote ndiye anayepata machache kuliko wote.

Najua jibu litakuwa muda. Nimekaa na karatasi nikapiga hesabu. Kwenye droo ile ya watu 32, kuwarudisha wote waliofungwa na wanne wa nusu fainali kunaongeza mapambano 8 kwa kila uzito. Siku yenye makundi manne ya uzito, ni mapambano 32. Yakigawanywa kwa mikeka mitatu, hayafiki 11 kwa kila mkeka. Ni kazi, sikatai. Waamuzi watachoka, ratiba ya matangazo itabidi isogezwe. Kwa mashindano ya wakubwa, ambako kila dakika ya televisheni ina mwenyewe, naelewa ugumu wake. Lakini hawa bado ni wanafunzi wa judo, na aliyeuanzisha mchezo huu mwaka 1882, Kano Jigoro, alikuwa mwalimu kwa kazi yake.

Naomba mfumo huo ujaribiwe katika mashindano ya vijana yajayo, kwa mwaka mmoja tu, kisha makocha na wachezaji waulizwe. Kijana wangu umri umempita, hatanufaika nao. Nina wengine wawili wanaojifunga plasta vidoleni kila jioni, na mdogo wao ana miaka 16.

Wako katika judo,
Kocha wa vijana