Jumamosi: Arusha – Namanga – Nairobi Safari Walk

Wakuu, basi linaondoka saa 11:00 alfajiri kamili. Hatusubiri mtu.

Namanga ni kituo cha pamoja cha mpaka wa Tanzania na Kenya, kwa hiyo tukienda tunapita upande wa Tanzania bila kushuka. Mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, inagongwa upande wa Kenya. Kabla hujaondoka dirishani fungua pasipoti uihesabu mihuri. Ukikosa wa kutoka, utasumbuka siku ya kurudi. Asiye na pasipoti achukue hati ya dharura Uhamiaji mapema, si asubuhi ile pale mpakani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, isiwe kwenye buti la basi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja: cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi mwenzake.

Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Kenya ilipiga marufuku tangu 2017.

Getini Lang'ata, pa kuingilia Safari Walk, hawapokei noti, ni kulipa kwa simu. Mwenye laini ya Kenya atatulipia wote, mrudishieni hela humo humo garini. Ndani ya Safari Walk, bustani ya wanyama, tunatembea juu ya daraja la mbao. Bongo, yule swala mkubwa mwenye milia, hujificha vichakani, nyamazeni mtamwona. Chakula kifungeni, tumbili wa pale hawaombi.