Mzuzu zipo Majengo, chupa ya Ufilipino ya nini?

Mhariri salaam,

Naandika kuhusu ukurasa wenu wa mapishi, ule mliotoa spageti tamu za Kifilipino, zile nyekundu zenye soseji za kukatakata na jibini juu. Kwanza hongereni maana tulishachoka kila wikiendi ni pilau, biriani na keki ya chungwa, angalau mmetoka nje kidogo. Ila jamani mmetuangusha sehemu moja. Mmeandika kwamba msomaji lazima atafute sosi ya ndizi ya chupa kutoka Ufilipino na kwamba inapatikana supamaketi kubwa za Dar, basi, mkaishia hapo, hakuna mbadala hakuna nini. Sasa mimi nipo Nkuhungu hapa Dodoma, najua treni ya umeme imerahisisha mambo lakini nani atapanda SGR kwenda kufuata chupa ya sosi? Halafu toleo lililofuata mkachapa barua ya msomaji anasema kuweka sukari kwenye tambi za nyama ni kuharibu chakula, na hamkumjibu. Nikaona hapana, ngoja nami niandike.

Hivi vyakula mimi nimevijua kupitia mdogo wangu wa kike aliyekuwa anafanya kazi za ndani Muscat, kule wenzake wengi walikuwa Wafilipino na siku za ofu wakikutana ndo walikuwa wanapika hizo, hasa kukiwa na bethidei. Aliporudi alikuja na mapishi kichwani, hakuja na chupa yoyote, na tangu hapo nyumbani kwetu bethidei za watoto ndo chakula chake hicho. Na hiyo sosi tunatengeneza wenyewe jikoni kwa mzuzu za sokoni.

Na ukifuatilia ilikotoka ndo utashangaa zaidi. Ufilipino ilikuwa chini ya Marekani kuanzia 1898 mpaka 1946 (katikati hapo Wajapani nao wakaivamia), na Mmarekani alipoingia aliingia na vyakula vyake, spageti, nyama za kopo, soseji, na tomato sosi ya chupa. Watu wakaizoea. Vita ya pili ya dunia ilipokuja nyanya zikawa za shida, ndizi sasa ndo zimejaa kila kona. Kulikuwa na mama mmoja mkemia wa vyakula anaitwa Maria Orosa, alizaliwa mji wa Taal, mkoa wa Batangas, akasoma Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, akarudi kwao 1922 kufanya kazi serikalini. Huyo ndo anatajwa kuwa aliyebuni sosi ya ndizi, kwamba nyanya hakuna basi ndizi ipo, weka siki, weka sukari, weka viungo, paka rangi nyekundu, maisha yanaendelea. Ndo huyohuyo aliyebuni na oveni ya chungu cha udongo kwa ajili ya watu wa vijijini wasio na umeme, yaani mtu alikuwa anafikiria jiko la mtu wa kawaida kabisa. Alifariki Februari 1945 kwenye yale mapigano ya Manila. Upande wa biashara ya hiyo sosi anatajwa Magdalo Francisco, aliyeanza kuitengeneza kwa wingi ya kuuza mwaka 1942.

Sasa Mhariri niambie, mama wa watu kaumiza kichwa ili watu wake wasikae kusubiri chupa ya kuja na meli, halafu nyie mnatuambia tusubiri chupa ya kuja na meli. Tena mnawaambia watu wa Dodoma, ambao mzuzu zinashushwa sokoni kila siku!

Basi naomba mchape haya maelezo, wenye kutaka wajaribu.

Nenda Majengo au Sabasaba jioni jioni, au kule soko kubwa la Job Ndugai kama upo upande wa Nzuguni, tafuta mzuzu zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, zile ambazo muuzaji anaona kesho hazifiki, atakuachia kwa bei nzuri. Usichukue zilizoiva nusu, sosi inakuwa na ule ukakasi na itakubidi umwage sukari ndo iliwe. Chukua mzuzu nne kubwa, menya, ponda. Kaanga kitunguu maji kimoja na punje tatu nne za swaumu kwenye mafuta kidogo ya alizeti (hapa kwetu hayo ndo mafuta, msiniambie habari za zeituni) mpaka vilainike tu visiwe vya brauni, tia tangawizi kidogo, pilipili manga, karafuu mbili za kusaga usizidishe, halafu mimina zile ndizi na kikombe kimoja cha maji, siki nyeupe nusu kikombe, sukari robo kikombe, chumvi kijiko kimoja cha chai. Acha ichemke moto mdogo kama dakika 20 hivi huku unakoroga. Kama ni jiko la mkaa punguza makaa kabisa, hii kitu ni nzito inashika chini haraka na inarusha matone ya moto balaa, funika nusu na watoto wakae mbali. Ikipoa saga kwenye blenda, kama umeme umekatika au blenda huna chuja kwa chujio la chai kubwa, ni kazi kidogo ila inatoka laini.

Rangi yake ukimaliza itakuwa kama uji wa ulezi, na watoto hawataigusa hahaha. Hata za dukani ni nyekundu kwa sababu zimetiwa rangi. Mimi natia nyanya ya pakti vijiko viwili vya chakula wakati inachemka, na kipande cha bitiruti nasaga nacho pamoja, inakubali vizuri tu. Wengine wanaweka rangi ya chakula ya keki, sawa, ila tone moja mawili inatosha. Onja, inatakiwa uchachu na utamu vigombane kidogo, ukisikia utamu peke yake ongeza siki. Weka kwenye chupa safi iliyochemshwa, kaa nayo kwenye friji wiki moja mpaka mbili, inafaa na chipsi pia, na mihogo ya kukaanga ndo usiseme.

Spageti zenyewe sasa. Pakiti moja ya nusu kilo, nyama ya kusaga robo kilo mpaka nusu kutegemea mfuko, soseji sita, kitunguu, swaumu, sosi yako ya ndizi kikombe na nusu, nyanya ya pakti moja ndogo, maziwa nusu kikombe, jibini ya kukwaruza juu. Kaanga nyama mpaka maji yote yakauke na ianze kulia kwenye sufuria, hapo watu wengi mnakosea mnawahi kumwaga sosi nyama bado ina maji, inatoka ladha ya nyama ya kuchemsha. Tia soseji umekata mshazari, tia nyanya, tia sosi ya ndizi na maji kidogo, acha itulie dakika 15 mpaka mafuta yapande juu. Maziwa ni mwisho kabisa, moto umeshaushusha, ukiyaweka inachemka kwa fujo yanakatika kwa ajili ya ule uchachu. Wafilipino wanatumia ya kopo, mazito, sisi hapa maziwa ya ng'ombe tunayo, chemsha kikombe kizima kwanza mpaka yapungue nusu, mazito yenyewe hayo. Sukari ya kuongeza juu hapo sijaitaja kwa sababu mzuzu ikiwa imeiva sawasawa haihitajiki, tuliokuwepo mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika tunajua kubana.

Soseji za kule nyingi ni za nguruwe na ni nyekundu kabisa kwa nje. Huku kwetu ukialika majirani huwezi kujua nani anakula nini, chukua za ng'ombe au za kuku umalize mjadala. Wifi yangu wa Manyoni yeye hataki kabisa habari za soseji, anachambua kuku wa kienyeji aliyechemshwa anatia humo, mimi naona anaipeleka mbali na asili yake ila sahani huwa inarudi tupu kwa hiyo siwezi kumsema sana.

Na tambi msizivunje ndo ziingie kwenye sufuria. Najua tumezoea, mtu anashika pakiti anavunja katikati pwaa. Kule kwao chakula cha tambi siku ya kuzaliwa ni dua ya maisha marefu, desturi waliyoipata kwa Wachina tangu zamani, sasa ukizivunja mbele ya mwenye bethidei si vizuri. Weka upande mmoja kwenye maji yanayochemka, subiri dakika, zikilainika unasukuma zinazama zenyewe. Na wao wanapenda ziive mpaka laini, kwa hiyo wale wa kusema ziwe ngumu kidogo kama Waitaliano hapa hayo hayawahusu, ila pia zisiwe bokoboko.

Nije kwa yule mwenzangu aliyeandika kwamba nyama na utamu havikai pamoja. Ndugu yangu, wewe ukienda harusini ukapewa pilau la nyama na ndizi mbivu pembeni huwa unairudisha ile ndizi? Hakuna anayerudisha, wengine wanaimenya wanakula tonge kwa ndizi na wakikosa wanalalamika. Mwezi wa Ramadhani mzuzu za nazi zenye sukari na iliki ziko meza moja na mishkaki, na tambi za sukari wenyewe tumekula tangu utoto, za nazi, zenye zabibu kavu. Kwa hiyo kilichokushtua sio utamu, kilichokushtua ni kuona vimechanganywa kwenye sufuria moja badala ya sahani moja. Hilo nakuelewa, mama yangu mzazi naye ni Mgogo wa Kongwa wa ugali wa uwele na mlenda, mara ya kwanza aliangalia ile sahani akauliza hiki ni cha kunywea chai? Lakini alikula. Sasa hivi anasema tu sosi iwe na pilipili kidogo, na mimi namuwekea yake pembeni.

Kitu pekee nitakachokubaliana na wewe ni kwamba sio chakula cha kila siku. Soseji, sukari, jibini, vyote hivyo kwenye sahani moja, na kwetu kuna watu wazima wa kisukari. Hata kule kwao ndo chakula cha sherehe na cha kutoka out na watoto, ule mgahawa wao maarufu wa Jollibee, ambao miaka ya 1970 ulianza kwa kuuza aiskrimu pale Quezon City, umejijengea jina kwa kuku wa kukaanga na hizohizo spageti. Mzee wa sukari mpe kuku na mlenda wake, spageti awaachie wajukuu.

Ombi langu kwa mhariri wa ukurasa wa mapishi ni moja. Mkitoa chakula cha nje, kabla hamjachapa mtu wenu apite sokoni kwanza, Majengo, Mabibo, Kirumba, popote alipo, aone nini kipo na nini kinaweza kukaa badala ya nini, na vipimo viwe vya kikombe na kijiko maana mizani ya jikoni wengi hatuna. Jibini kwa mfano mmeandika gramu 200, hiyo kwa huku ni hela nyingi, wakati kipande kidogo tu ukikwaruza kwenye matundu madogo kinatosha sahani zote na hakuna mtoto atakayejua.

Jina langu msilitoe, andikeni tu

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma