Daftari la mama karani na mfumo mpya wa ratiba: nianzie wapi?

Habari zenu ndugu wasomaji, na wakubwa shikamooni.

Nasimamia ratiba ya magari kwenye ofisi ya usafirishaji hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Mzigo wetu mkubwa ni dagaa kutoka visiwani. Mwaka huu bosi alileta mfumo wa kompyuta: safari zote zinaingizwa kwenye kanzidata moja, na kila mtu anaona gari lipi liko wazi. Mimi naupenda. Wenzangu hawautumii.

Wanaandika kwenye kaunta buku kama zamani, halafu jioni mmoja anakaa kunakili. Mchana kutwa kompyuta inaonyesha mambo ya jana. Juzi fuso moja liliahidiwa wateja wawili, magunia ya mmoja yakalala nje, mvua ikayakuta. Dagaa wakishalowa, bei hakuna.

Msidhani ni uvivu. Mafunzo yaliwekwa siku za giza, usiku mwezi usipoonekana, ndipo wavuvi wanapoingia ziwani na taa zao na simu zetu hazipumziki. Yangewekwa siku za mbalamwezi, kazi inapopoa, watu wangeshika. Lakini kubwa kuliko yote ni penseli. Karani wetu mkuu ni mama wa heshima, wateja humpigia yeye moja kwa moja. Mtu akisema, "Mama, niwekee gari, mzigo ukikauka nitakuambia," yeye huandika kwa penseli. Mzigo ukiwa tayari, anapitisha kalamu juu yake. Mfumo haulijui hilo: gari ama limechukuliwa, ama liko wazi. Tena hauendi mbele mpaka ujaze idadi ya magunia na mahali pa kushushia, wakati mteja mwenyewe bado anaangalia mawingu.

Sasa bosi ametangaza kwamba mwisho wa mwezi daftari linafungiwa kabatini. Naogopa sana. Mama akinyang'anywa daftari mbele ya vijana aliowafundisha kazi, ataondoka, na wateja watamfuata. Tukiendelea na vyote viwili, magunia yataendelea kulowa.

Nafikiria kumwomba bosi asubiri, fundi aongeze nafasi ya oda ambazo hazijathibitishwa, na mama ndiye amwelekeze iweje. Ila fundi ameshalipwa, na bosi hataki kusikia gharama nyingine.

Mliowahi kuhamisha ofisi kutoka kwenye daftari, mliacha vyote viwili vitumike kwa muda gani? Na mimi niliye mdogo kwa huyu mama, nianze kuzungumza naye, au niende kwa bosi kwanza?

Msomaji, Kirumba, Mwanza