Albamu yangu ya injili ni ya panki

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani uliwaomba wasomaji tutaje albamu ya injili ambayo hatuchoki kuisikiliza. Barua mlizochapa hadi sasa zimejaa kwaya, na kwaya nazipenda, nimelelewa humo. Yangu mimi ni ya panki, ule muziki wa gitaa wa kasi na kelele. Inaitwa "Our Newest Album Ever!", ilitoka mwaka 1997, na waliopiga ni Five Iron Frenzy wa Denver, Marekani.

Msishtuke. Mimi ni Mlutheri wa Old Moshi, napuliza tromboni kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika, na nusu ya ukoo wangu nimeisindikiza kaburini kwa midomo hii. Kilichonivuta ni tarumbeta hizohizo. Kundi lile lilikuwa na watu wanane, na watatu kati yao ni wapulizaji: trumpeti, tromboni na saksafoni. Gitaa zinakwaruza, ngoma inakimbia kama bodaboda iliyokatika breki mteremko wa Kiboriloni, halafu wapulizaji wanaingia kwa pamoja, sauti fupifupi, kali, wanatoka. Anayepuliza ataelewa kazi iliyopo hapo. Nilijaribu kumfuata Dennis Culp, mpiga tromboni wao, nikaishia kukohoa hadi mama watoto akaja kuuliza kama nimerudia sigara.

Wana utani pia. "Where Is Micah?" ni wimbo wa kumtafuta mpiga gitaa wao asiyeonekana. Nasi tunaye Micah wetu, hufika msibani jeneza likiwa limeshatoka nyumbani. Utani mwingine ni wa kitoto kabisa, huo huwa nauruka.

Wimbo ulionifanya niandike barua hii ni "Banner Year". Unamzungumzia Black Kettle, chifu wa Wacheyenne, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, aliyetaka amani na Wazungu. Novemba 1864, pale Sand Creek, Colorado, yaani jimbo hilohilo la Denver, alipandisha bendera ya Marekani na kitambaa cheupe juu ya hema lake ili wanajeshi wajue watu wake si maadui. Wakawapiga risasi hivyohivyo. Waliouawa ni zaidi ya mia moja, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kamanda wa siku ile, Chivington, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Black Kettle alinusurika, akaja kuuawa mwaka 1868 pamoja na mkewe kando ya mto Washita; waliowaua ni askari wa Custer, afisa wa jeshi la Marekani.

Sasa hao ni vijana Wakristo, wazaliwa wa nchi iliyofanya hayo, na wameuweka wimbo huo kwenye albamu moja na nyimbo za kumwomba Mungu, bila kuomba radhi kwa mtu. Nilipoujua undani wake nilimkumbuka Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa hapa Moshi. Wajerumani walimnyonga hapahapa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake, na kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Ukoo wake unakitafuta mpaka leo. Tarumbeta nazo tulizipata kwa Wajerumani. Najua aliyekuja na Biblia si yule aliyekuja na kamba, ila meli zao zilitoka bandari za nchi moja, na nyimbo tunazopiga hazijawahi kuligusa jambo hilo. Tunapiga za Krismasi, za Pasaka, za harusi na za msiba. Ya Mangi Meli katika kitabu chetu hakuna.

Niliwahi kulitaja kwenye mazoezi, mzee mmoja akanijibu, "Hiyo ni siasa, kijana, sisi tunaimba injili." Nina miaka arobaini na kitu, lakini kwake bado ni kijana, kwa hiyo nilinyamaza. Ningekuwa na ujasiri ningemwekea wimbo wa mwisho wa albamu hii, "Every New Day". Unaanza na mtu anayekumbuka utoto wake, na kuelekea mwisho kundi zima linaomba rehema za Mungu juu ya roho zao chafu, wapulizaji wakiwa nyuma yao. Huyu mzee anajua maombi akiyasikia, hata yakiwa na kelele.

Kama kati ya wasomaji wenu yupo mtunzi mwenye mashairi juu ya Mangi Meli, ayalete kwenye gazeti. Sauti nne za tarumbeta nitazipanga mimi, na kwa mzee nitakwenda mwenyewe.

Mpiga tromboni,
Old Moshi, Kilimanjaro